Mrejesho baada ya mashindano ya magari ya wanafunzi: namna ya kuukusanya usiishie kuwa kulalamika tu

Mambo vipi wakuu. Huu mwongozo nimeuandika kwa ajili ya watu wawili. Wa kwanza ni yule aliyepewa kazi ya kuandaa mashindano ya magari ya mbio ya wanafunzi, iwe ni makubwa ya Ulaya au ni kitu kidogo vyuo vitatu vinakutana kwenye uwanja wa gokati, na sasa anataka kujua watu walionaje. Wa pili ni mwanafunzi aliyetoka kushindana, ana hasira zake, na kaletewa fomu ya maoni. Mimi nimekua pande zote mbili, misimu miwili kwenye timu ya gari la umeme, alafu nikahamia upande wa kujitolea kwenye ukaguzi, kwa iyo ninayoyasema hapa mengine nimeyafanya vibaya mwenyewe kwanza.

Kwa wasiojua, haya mashindano yanaitwa Formula Student, Marekani yalikoanzia 1981 wanayaita Formula SAE. Uingereza wakaanza ya kwao 1998, Ujerumani 2006 pale Hockenheim. Wanafunzi wanachora na kujenga wenyewe gari dogo la mbio la kiti kimoja, wanalibeba kwenye lori, wanaenda kukutana na wenzao. Na sio kwamba mwenye spidi ndio anashinda. Pointi zote ni 1000, kwa mgawanyo wa Formula SAE 325 unazipata gari likiwa limesimama kabisa, 150 za kuwaeleza majaji kwanini umelichora hivyo, 100 za gharama, 75 za kujifanya unawauzia matajiri wazo la biashara. Zilizobaki 675 ndio za barabarani: mita 75 za mstari ulionyooka pointi 100, kuzunguka namba nane pointi 75, mzunguko wa kona kona mmoja mmoja 125, mbio ndefu za kama kilomita 22 zina 275, na utumiaji mzuri wa mafuta au umeme 100.

Sasa angalia hapo, 675 ziko barabarani na hakuna anayegusa barabara kabla hajapita ukaguzi. Ndio maana ukikusanya maoni ya mashindano yoyote ya aina hii, nusu ya ugomvi wote unakuta uko kwenye foleni ya ukaguzi. Ukilielewa hilo mengine yote yatakua mepesi.

Hatua ya 1: Mchague mtu wa mrejesho kabla mashindano hayajaanza, na asiwe na kazi nyingine

Kosa la kila mwaka ni kwamba mambo yakiisha, watu wamechoka, wanakunja mahema, ndio mtu anakumbuka "jamani na maoni?" Basi anatengeneza fomu usiku ule ule akiwa kwenye basi, maswali kumi ya "umeridhika kiasi gani kuanzia 1 hadi 5", anaituma, wanajibu watu wachache ambao wengi ni wale walioshinda na wale waliotolewa. Wote wawili hawakusaidii sana, mmoja anaona kila kitu kilikua poa mwingine anaona mmemwonea.

Mtafute mtu mmoja. Asiwe mkaguzi, asiwe wa kupanga matokeo, asiwe yule anayebeba redio ya upepo na kuitwa kila dakika. Kazi yake ni kuzunguka na kuandika. Mkiwa wachache mtasema hamna mtu wa kumpoteza hivyo, ila nakuambia, huyo mtu atawaokolea zaidi kuliko mtu wa kumi na moja wa kupanga koni.

Hatua ya 2: Daftari, kalamu, na saa

Hapa ntakaa kidogo maana ndio kiini cha mambo yote.

Msimu wangu wa kwanza, kwenye mashindano ambayo sitayataja, gari letu lilisimama kwenye foleni ya jaribio la mvua. Kwa magari ya umeme kuna hilo jaribio, gari linanyunyiziwa maji pande zote sekunde 120 alafu mnasubiri sekunde 120 nyingine likiwa limewashwa, kile kifaa kinachochunga umeme usivuje kikikata tu basi umefeli. Tulikua wa pili kwenye foleni. Wa pili! Wakafunga. Muda umeisha, rudini kesho, na kesho yake ndio siku ya mita 75 asubuhi, tukazikosa. Nilikua na hasira mpaka mikono inatetemeka. Kwenye fomu niliandika maneno manne: "Utaratibu mbovu sana, aibu." Nikajibiwa asante kwa maoni yako.

Mwaka uliofuata niko upande wa pili, nimepewa hilo faili la maoni nilisome. Nikalikuta la kwangu. Wallahi hata mimi mwenyewe niliyeandika sikuweza kufanya nalo chochote. Utaratibu upi? Saa ngapi? Tulifika lini? Mbele yetu walikua wangapi, kila mmoja alichukua muda gani? Hakuna.

Alafu kwenye faili hilo hilo kulikua na karatasi moja imepigwa picha, ya dada mmoja wa timu nyingine, aliandika kwenye kidaftari kinachoning'inia shingoni, kitu kama hivi:

10:42 tumefika, magari manne mbele
11:30 bado manne
11:35 mkaguzi wa kushoto kaenda kula, hakuna aliyekaa kwenye nafasi yake
12:20 karudi, wa kulia ndio anaenda
12:55 bado matatu
13:10 tumeambiwa turudi na fomu ya betri, hatukuambiwa tulipojiandikisha

Hamna tusi hata moja, hamna "aibu", na karatasi hiyo moja ndio ilibadilisha zamu za chakula za wakaguzi wote. Yaani muda mwingi ulipotea kwa sababu watu wawili walikua wanakula kwa kupokezana na njia moja inabaki tupu. Tukaweka mkaguzi wa akiba wa kujaza saa za chakula tu, basi.

Kwa iyo mtu wako wa mrejesho awe na daftari la hivyo, na muombe kila timu iwe na mtu mmoja mwenye daftari la hivyo. Sehemu, saa, kilichotokea, nani alihusika kwa cheo sio kwa jina. Maoni yako binafsi weka mwishoni au usiweke kabisa.

Na kingine ambacho kwa sisi kina umuhimu wake, andikeni saa za kizungu. Mimi kuna siku niliandika "saa nne" kwa mazoea, nikasomewa kama saa kumi jioni, tukabishana nusu saa kuhusu tukio ambalo lilitokea asubuhi. Kama mashindano ni ya nyumbani na wote mnaongea lugha moja kubalianeni tu ni saa ipi mnatumia.

Hatua ya 3: Tembea njia nzima ambayo gari linapita, kwa miguu

Siku ya kwanza mchana, mtu wa mrejesho achague timu moja na aifuate mwanzo mpaka mwisho bila kusaidia. Magari haya hayaruhusiwi kuendeshwa huko kwenye mabanda, yanasukumwa kwa mkono na fimbo ya kusukumia, na kizima moto kinatembea pamoja na gari. Sasa ukisukuma gari la zaidi ya kilo 200 kwenye jua kutoka bandani mpaka kwenye ukaguzi, ukafika ukaambiwa umesahau helmeti ya dereva wa pili, ukarudi, ukaja tena, hapo ndio utajua ile ramani mliyoichora kwenye kompyuta mlichora na nini kichwani.

Kwenye hiyo safari angalia: kibao cha kuonyesha njia kinaonekana na mtu aliyeinama anasukuma? Kuna kivuli kwenye foleni? Maji yako wapi? Lori la chakula halijaziba njia? Geti la nyuma ambalo ndio njia fupi limefungwa na ufunguo anao nani? Hili la geti msilidharau, mi nimeona magari sita yakizunguka uwanja mzima kwa sababu mzee mwenye ufunguo alienda kuswali na hakuna aliyekua na namba yake.

Alafu kaa kwenye kila kituo cha ukaguzi angalau magari mawili yapite. Kuna wanapopima kama mtu mrefu anaenea kwenye fremu, wana kile kikaragosi cha kupimia wanakiita Percy. Kuna dereva kutoka ndani ya gari kwa sekunde 5 akiwa amefungwa mikanda yote. Kuna meza inayolaza gari mpaka nyuzi 60 dereva akiwa ndani, matairi yasinyanyuke na kitu kisivuje. Kuna kelele ya injini kwa wale wa petroli, isivuke desibeli 110. Mwisho breki, unakimbia unakanyaga, matairi yote manne lazima yafunge kwa pamoja. Kila kituo kina tabia yake ya kuchelewa. Meza ya kulaza inachelewa kwa sababu wanangoja mtu apanguse mafuta ya gari lililopita. Breki inachelewa kwa sababu timu inafeli, inarekebisha pale pale barabarani, inajaribu tena, inafeli, na nyuma yao foleni imeganda. Andika ni kipi hasa, usiandike tu "ukaguzi ulichelewa".

Hatua ya 4: Kikao cha jioni, dakika 20, mmesimama

Mmesimama, mkikaa tu imeisha, watu watalala au wataanza kusimulia hadithi. Mwakilishi mmoja kutoka kila kitengo: ukaguzi, barabara, majaji, matokeo, usalama, chakula. Kila mmoja anajibu kitu kimoja, leo nini kilikukwamisha ambacho kesho asubuhi kinaweza kubadilishwa. Sio mwakani, kesho. Cha mwakani kinaandikwa pembeni na hakijadiliwi.

Kuna siku mtu wa barabara alisema tu kwamba wale vijana wa kuinua koni wako kwenye jua tangu asubuhi na kofia hawana. Kesho yake kofia zikaja. Unaweza kuona ni jambo dogo, ila koni moja ikiangushwa dereva anaongezewa sekunde 2, na anayehesabu koni ni yule kijana aliyekaa kwenye jua kali masaa saba bila kofia. Akihesabu vibaya ndio unapata pingamizi saa mbili usiku, mnaangalia video, mnagombana. Kofia ni bei rahisi kuliko pingamizi.

Hatua ya 5: Fomu, ila fupi na yenye maswali ya maana

Itume ndani ya siku tatu. Wiki ikipita watu wamerudi kwenye mitihani na wamesahau saa, wamebaki na hasira tu au na furaha tu.

Maswali yangu mimi siku hizi ni haya na hayazidi sita:

Mlisubiri wapi muda mrefu kuliko kote, na ni kama muda gani?
Kuna mahali mliambiwa vitu viwili tofauti na watu wawili? Wapi, kuhusu nini?
Kuna wakati mliona hatari, hata kama hakuna aliyeumia?
Habari gani mliijua kwa kuchelewa?
Kitu gani kilienda vizuri ambacho tusikiguse?
Kama mngeambiwa mbadilishe kitu kimoja tu, kipi?

Lile la pili ndio dhahabu. Wakaguzi ni watu wa kujitolea, mwingine kaja na uzoefu wa kazini kwake, mwingine alikua mwanafunzi mwaka jana, kila mtu anazisoma sheria kwa jicho lake. Timu inaambiwa na wa asubuhi kwamba waya wa betri uko sawa, wa jioni anasema funga upya. Hapo hata kama wa jioni ndio mwenye haki, timu inaona inaonewa. Ukipata majibu matano yanayotaja kitu kile kile, una kazi ya kuwaita wakaguzi wote kabla ya mwakani na kulisoma hilo fungu la sheria kwa pamoja mpaka mkubaliane.

Na lile la kitu kisiguswe usilitoe. Kuna mwaka tulitaka kubadilisha mpangilio wa mabanda, kwenye maoni tukakuta timu nyingi zinasema kuwa karibu na timu ngeni ndio kilichowapa msaada, mmoja aliazimwa chaja mwingine aliazimwa tairi za mvua. Tukaacha kama ulivyo.

Fomu iwe ya timu moja jibu moja, anajibu kapteni baada ya kuwauliza wenzake. Alafu weka nyingine ndogo isiyo na jina kwa mtu yeyote, maana kuna mambo kapteni hataandika, kama vile dada aliyekua anaulizwa na jaji "mhandisi yuko wapi" wakati mhandisi ni yeye. Hayo yanakuja kwenye ile isiyo na jina tu.

Hatua ya 6: Watafute walionyamaza

Timu zilizoondoka mapema hazijibu fomu. Timu ambayo haikupita ukaguzi kabisa, ikapakia gari kwenye lori siku ya tatu usiku, hiyo ndio inajua mashindano yenu yana mashimo wapi kuliko bingwa. Wapigie simu, usitume barua pepe. Waambie sikupigii kuutetea utaratibu wetu, nakupigia unisimulie siku yako ilivyoenda. Alafu nyamaza, acha waongee.

Wengine wa kutafutwa: madereva, kwa sababu kapteni anakusimulia ya bandani ila dereva ndio anajua kwamba pale kona ya tatu jua la jioni lilikua linampiga usoni na bendera haioni. Majaji, muulize walipata muda wa kutosha kwa kila timu au walikua wanakimbizana. Mavolontia, tena hao wa chini kabisa, wa maegesho, wa koni, wa kufungua geti. Na mwenye uwanja. Mwenye uwanja akisema mlimwachia mafuta kwenye lami na vifungio vya plastiki kila mahali, hilo ni onyo kwamba mwakani bei inapanda au uwanja hamuupati.

Hatua ya 7: Chambua, tenganisha sheria na utaratibu

Hapa timu nyingi zinachanganya na waandaaji nao wanajificha humo humo. Mtu anapolalamika kwamba injini za petroli zinabanwa kupumua kwenye tundu la milimita 20, au kwamba magari ya umeme yamewekewa mwisho kilowati 80, hiyo ni sheria, inaandikwa na wengine, wewe mwandaaji wa siku hiyo huna la kufanya zaidi ya kuipeleka kwa wenye sheria. Ila akisema kile kipimo cha hilo tundu kilikua kimoja tu na kilipotea asubuhi nzima, hiyo ni yako kabisa. Usimjibu "sheria ndio zinasema hivyo".

Mimi natumia mafungu manne kwenye ekseli (jedwali la Excel kwenye kompyuta). Usalama, haki, muda, na raha. Usalama unashughulikiwa hata kama kataja mtu mmoja tu. Haki, hata wakitaja wawili unachunguza, maana mashindano yakishasemwa yana upendeleo hayasafishiki kirahisi. Muda unahesabu (nakuja hapo sasa hivi). Raha, yaani vyoo, chakula, mabafu, kelele za usiku kambini, hizo unapanga kwa wingi wa waliotaja. Ila vyoo mimi navihamishiaga kwenye usalama, wakuu, siku tano za kambi mwezi wa nane na watu wengi vile, sitaki kueleza zaidi.

Hatua ya 8: Piga hesabu, usibishane

Malalamiko ya foleni yasiishie kwenye "tutaongeza juhudi". Chukua karatasi. Tuseme una magari 60, ukaguzi wa fremu na umeme na mengine kwa wastani unachukua saa 2 kwa gari, siku mbili za ukaguzi kila siku saa 9, una njia 3. Saa 18 gawanya kwa 2 ni magari 9 kwa njia moja. Mara 3 ni magari 27. Una 60! Zaidi ya nusu ya watu umewaalika waje kusimama juani, na hapo sijaweka gari linalofeli na kurudi, ambayo ni mengi, wala saa za chakula. Ili 60 zipite unahitaji njia 7 bila mtu kufeli. Hesabu ya darasa la sita hii, ila nimeona watu wazima wenye digrii wanagombana usiku wakati wangeifanya mwezi wa pili.

Sasa ukishaona namba una njia za kutoka. Alika magari machache, na msione vibaya, Ujerumani wenyewe wanachuja timu kwa mtihani wa mtandaoni kila mwanzo wa mwaka, usipojibu haraka na sahihi umekosa nafasi. Au ongeza wakaguzi, ila wakaguzi wazuri hawapatikani sokoni kama nyanya. Au punguza ile saa 2, na hapa ndio mrejesho unafanya kazi: yale madaftari yatakuambia dakika ngapi zilikua za kukagua na dakika ngapi zilikua za kutafuta karatasi, kungoja dereva aliyeenda chooni, kubishana. Kwetu karatasi ndio ilikua mchawi. Tukaweka meza moja kabla ya foleni, mtu mmoja na orodha, huna fomu ya betri huingii kwenye foleni, rudi ukaichukue sasa hivi. Foleni ikaanza kutembea.

Hesabu hiyo hiyo ifanye kwenye mbio ndefu. Katikati kuna kubadilishana madereva, dakika 3, gari linazimwa alafu linawashwa likiwa la moto, na mengi yanagoma hapo hapo. Kama hujapanga nani anaondoa gari lililokufa na linapelekwa wapi, magari mawili yakifa kwa pamoja umesimamisha kila mtu. Andika dakika zilizopotea kwa kila gari lililokufa. Mwakani utajua unahitaji timu ngapi za kuvuta.

Hatua ya 9: Wajibu watu, hadharani, kwa orodha

Ndani ya miezi miwili toa ukurasa mmoja au miwili. Andika walichosema, alafu mbele yake moja kati ya haya: tumebadilisha, tutabadilisha mwakani, hatubadilishi na sababu ni hii. Usiogope hilo la tatu. Watu wanakubali "hatuwezi kuongeza siku kwa sababu uwanja unakodishwa kwa bei hii", wasichokubali ni ukimya. Mimi ile "asante kwa maoni yako" iliniuma kuliko hata kuzikosa zile mita 75.

Usitaje majina ya waliolalamika, wala timu. Na kama kosa lilikua la mtu mmoja upande wenu, lisemwe kama kosa la kituo. Huyo mtu alikuja kwa hiari yake, kalipia nauli, mkimuanika hadharani mwakani hamumuoni yeye wala rafiki zake.

Kwa upande wako wewe mwanafunzi unayetoa mrejesho, soma hiyo orodha kabla ya kuandika ya mwaka unaofuata. Kuna kapteni mmoja kila mwaka alikua anaandika jambo ambalo lilishajibiwa mara mbili, ikafika mahali watu wakiona jina la timu yake wanaruka. Alafu mwaka aliokua na hoja ya kweli, kuhusu mafuta kumwagika kwenye kona, ilichelewa kuonekana.

Kama unaandaa kitu kidogo nyumbani

Nimeulizwa sana hili na watu wa Dar, Nairobi na Kampala. Uwezo wa kujenga upo, wenzetu wa Makerere walishaendesha Kiira EV yao tangu 2011, gari la umeme la viti viwili limetengenezwa na wanafunzi na walimu wao. Kuandaa ndio kazi nyingine. Ushauri wangu, mara ya kwanza msifanye mbio ndefu kabisa. Fanyeni ukaguzi, kutoka ndani ya gari kwa sekunde 5, breki, na mita 75 za mstari ulionyooka. Magari manne au matano yanatosha. Siku moja ya pili iwe ya mrejesho tupu, timu zote na wakaguzi wote mko chini ya mti mmoja na madaftari yenu, mnapitia saa kwa saa. Kwenye mashindano makubwa hiyo siku haipatikani kamwe, watu wanakimbilia feri na ndege. Nyie mnayo, itumieni.

Na mkifanya hivyo mwenye cheo asiongoze hicho kikao. Profesa akiwa mbele wanafunzi watasema kila kitu kilikua kizuri sana tunashukuru. Akae pembeni anywe soda yake, aongoze mwanafunzi.

Hatua ya 10: Acha faili

Wanafunzi wanahitimu, ndio ugonjwa wa mashindano haya. Aliyejua kila kitu mwaka huu mwakani yuko kazini mji mwingine na simu hapokei. Kwa iyo ukimaliza tengeneza folda moja, kwenye akaunti ya mashindano sio ya kwako binafsi (nimeshaona folda ya miaka mitatu ikifa na barua pepe ya chuo ya mtu aliyehitimu). Humo weka picha za madaftari kama zilivyo, ile ekseli ya mafungu manne, hesabu ya foleni, orodha ya majibu mliyotoa, na ukurasa mmoja wa vitu vya kijinga ambavyo hakuna fomu itakayouliza: soketi za umeme ziko upande gani wa banda, kivuli kinaangukia wapi mchana, duka gani la karibu linauza betri za redio ya upepo jumapili, na namba ya yule mzee mwenye ufunguo wa geti la nyuma, pamoja na saa zake za kuswali.